Bawa Kitandani

Basi lilipotoka Chala kwenda Sumbawanga, Bertilla alikuwa amepakata propela ya mbao iliyofungwa kitenge, akimweleza mama aliyekaa naye kwamba mumewe anaunda ndege nyumbani. "Ya kuchezea, mwanangu?" "Ya rimoti, mama, ya kupindukapinduka angani. Bawa lake linalala kitandani gundi ikauke, mimi nalala chini." "Mshukuru Mungu. Wangu hata sijui analala wapi."

Bertilla hakuona cha kushukuru. "Mimi nikikohoa, kimya. Injini ikikohoa, anaacha ugali mezani." "Kaipa jina?" "Bertilla," akajibu, kama anayemtaja hawara.

Basi likasimama Katandala. Kondakta akanyoosha mkono ampokee mzigo. "Chukua mkoba," Bertilla akamwambia. "Hii nabeba mwenyewe. Ikivunjika atalia, na mimi hajawahi kunililia."