Pampu ya Ihanda

Bajaji iliyotoka stendi ya Tunduma kwenda Chapwa ilibeba abiria wawili na hasira moja. Hasira ilikuwa ya mama mmoja, Ferista. Mwanamume aliyeketi kando yake, ambaye hakumfahamu, alifanya kosa la kumuuliza habari za safari.

"Mbaya, baba! Wafadhili walikipa kikundi chetu cha Ihanda ruzuku ya pampu ya kumwagilia mboga. Nikapigwa picha nimeikumbatia kama mtoto wa ubatizo. Wageni hawajafika hata barabarani, mwenyekiti akaipakia kwenye pikipiki. Leo nasikia iko huku Chapwa, inaosha malori! Mboga zangu za chainizi zinakauka, nabeba ndoo kichwani."

Mwanamume alikohoa kwa busara nyingi. "Lakini mama, huenda mwenyekiti ameikodisha kwa faida ya kikundi."

"Kikundi kipi? Kikundi ni yeye na tumbo lake!"

"Pampu nayo ikikaa bure inaharibika."

"Ikae bure wapi, na mimi nina robo eka ya mboga? Hebu niambie, baba, umewahi kula lori?"

Mbele kidogo pampu ilikuwa ikinguruma, na maji yakiruka juu ya lori la Zambia.

"Shusha hapo," alisema Ferista.

"Shusha hapo," alisema pia yule mwanamume, kwa sauti ndogo mno.

Waosha malori wakampungia mwanamume brashi. "Bosi karudi!"

Ferista akamgeukia taratibu. Dereva, mtu wa haraka siku zote, akazima injini.