Kulungu wa Dakika Nne

Benchi letu liko chini ya ghorofa, hapa Dixon, mtaa wetu wa ughaibuni, mkabala na duka la simu. Kila Jumapili tunakaa wanne, na chupa ya kahawa ni yangu, kwa hiyo nina haki ya kuwasema. Jumapili hii Gaspard kaja mikono mitupu, uso umemshuka. Tulijua kwa nini. Mwaka mzima Mzee Lancelot, Mgoa wa Kisumu, kamsomesha kitabu cha sheria za uwindaji, kampeleka kwenye mtihani kwa gari lake. Sasa Mzee magoti yamemwisha, na Alhamisi anahamia Calgary kwa binti yake. Gaspard alimwahidi mguu wa kulungu wa kumuaga. Msimu wa kuwinda kwa bunduki ulifungwa jana.

— Hukuona hata mmoja? akauliza Sadru, tunayemwita Wakili ingawa mahakamani hajawahi kuingia.

— Nilimuona, Gaspard akajibu. Karibu kama ile gari nyeupe. Lakini jua lilishazama, na ile nusu saa ambayo sheria inatuongezea wawindaji ikawa imepita. Dakika nne.

— Dakika nne tu? Ungesema saa yako imechelewa, akasema Godson, yaani Injinia.

— Angefungwa, bwana we, Wakili akadakia. Yule si kulungu. Ni sanamu ya serikali, ina betri, inatikisa mkia. Askari kajificha nyuma na kamera.

— Ni kulungu, tena msomi, akasema Injinia. Hao wanajua saa. Wanajificha kutwa, nusu saa ikiisha wanatoka kutembea.

— Na siku saa za huku zinaporudishwa nyuma kwa ajili ya baridi? Wakili akauliza.

— Wanaambiana.

Nikawamiminia kahawa, angalau midomo ipate kazi nyingine.

— Mi sikuogopa kamera, Gaspard akasema. Kule kwetu, wakati wa vita, bunduki hazikuwa na saa. Usiku, mchana, hata Noeli. Huku nimepata bunduki yenye saa ya kulala, na ni yangu. Nilitoa risasi kwenye bunduki, nikamwambia Mungu merci, asante. Lakini Mzee nitamwambia nini?

Mzee mwenyewe huyo, anakuja na fimbo yake. Gaspard akasimama, akamweleza, hakuficha hata dakika moja.

— Alikuwaje? Mzee akauliza.

Tukatazamana. Tumebishana kutwa, na hakuna aliyekumbuka kuuliza hilo. Wakili akainamia kikombe chake.

— Dume, Gaspard akasema taratibu. Mgongoni ana theluji kidogo. Anapumua, moshi unatoka puani. Alinitazama, akatafuna, akaenda zake bila haraka.

Mzee alifumba macho. Tangu Kenya ipige marufuku uwindaji, hajaingia porini tena, na sisi tulimjua kwa hadithi zake za porini tu.

— Asante, mwanangu, akasema. Sogeeni nikae. Sasa anza tangu asubuhi, ulipoegesha gari.

Tukasogea. Chupa ilikuwa imebaki na kikombe kimoja, nikampa yeye.