Mfuko wa Tatu wa Mzee Pasi

Marehemu baba yetu, ambaye hospitali nzima ilimwita Mzee Pasi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964, mtoto wa nne kati ya sita. Alisoma hadi darasa la saba. Babu alipofariki, shule ikaishia hapo.

Mwaka 1986 aliajiriwa udobi katika hospitali ya wilaya, akanyoosha mashuka ya wodini kwa miaka thelathini na minane. Mwaka 1990 alimwoa mama yetu, mpishi wa jiko la hospitali hiyo, aliyependa kumtania kwamba yeye ni mke wa pili, pasi ndiyo bi mkubwa.

Baba alikuwa mwoga wa sindano, wala hakuficha. Aprili 2024 homa mpya ilimpata kupitia mashuka. Alilazwa siku kumi na tisa, akapona. Daktari akamwomba plazma, yale maji ya manjano ya damu, kwa kuwa aliyepona hubeba humo kinga inayoweza kumsaidia mgonjwa, na ya kundi lake la AB humfaa kila mtu. Baba alikubali. Alijifunika uso kwa foronya aliyoipiga pasi mwenyewe, akamwambia muuguzi, ambaye ni kitinda mimba wake: "Toboa, mwanangu. Ila usiniambie saa ngapi."

Alitoa mifuko mitatu. Wa kwanza alipewa mwalimu, akapona. Wa pili alipewa dereva, akafariki, na baba hakula siku mbili.

"Au yangu ilikuwa mbovu?" alimuuliza daktari.

"Hapana, mzee. Hii si dawa ya uhakika, tunajaribu tu."

Wa tatu ukabaki kwenye friza.

Homa ilimwachia moyo dhaifu. Januari hii homa hiyo imerudi hospitalini, na tarehe 13 majibu yakaonyesha imempata mdogo wetu, yule muuguzi. Kesho yake baba alipanda ngazi za maabara kuuliza kama mfuko upo.

"Upo, mzee. Kaa kwanza, upumue."

Alikaa. Alifia kwenye benchi hilo, Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa nne asubuhi, foronya ikiwa mfukoni.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne. Mdogo wetu hayupo hapa, na msiba hajaambiwa. Leo asubuhi, kabla hajawekewa mfuko wa baba, aliomba ile foronya ajifunike. Tumempelekea. Hatujui kama plazma itamsaidia, na tunaogopa.

Baba apumzike sasa. Woga atuachie sisi.