Koti Kitini

Benchi la Mama Stara liko nyuma ya ofisi za serikali, pale ukuta wa ofisi unapopakana na banda la video, na ukikaa upande wa kushoto unaiona barabara ya Kondoa mpaka inapomezwa na vumbi. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeng'arishwa na makalio ya miaka mingi. Julai ile upepo wa Dodoma ulikuwa unaamka kabla ya watu, na mgao wa umeme ulikata bila salamu, kwa hiyo waliokosa umeme na waliokosa hamu ya kazi walikutana hapo kunywa kahawa. Benchi lilikuwa na sheria moja tu, na mgeni aliifahamu kabla ya kikombe cha pili: akija mtu kumuulizia mtu, hatumjui. Juzi tu mke wa mnywaji mmoja, Zaidi, alikuja kumtafuta mumewe, benchi zima likajibu kwa pamoja kwamba hajaonekana, na Zaidi mwenyewe, aliyekuwa amejikunja nyuma ya gazeti, akajibu pamoja nao.

Ijumaa hiyo Anifa alikuwa peke yake jikoni. Mama yake, Mama Stara, alikuwa amekwenda msibani Mkonze, akamwachia birika, kashata na sufuria ya maharage ya wateja wa mchana. Kazi haikumsumbua. Kilichomkaa moyoni ni siku yenyewe. Kidato cha pili alikimaliza na akafaulu, lakini walipohama kutoka Manyoni baada ya baba kufariki, hakuna shule iliyompokea bila karatasi za uhamisho, na karatasi hizo zilikuwa kwa Bwana Thomas, karani wa uhamisho, tangu Januari. Sasa ilikuwa imepatikana nafasi moja, shule ya bweni ya wasichana kule njia ya Kolo. Mkuu wa shule alikuwa anakuja mwenyewe kuzichukua karatasi mkononi, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Na Bwana Thomas alikuwa amekaa mbele yake, anapuliza kahawa.

Benchini walimwita Koti. Kila asubuhi alikuwa akitundika koti lake la kijivu kwenye kiti cha ofisini, kisha anatokea mlango wa nyuma na shati tu. Akija bosi, akija mzazi, wote waliona koti na kuamini kwamba mwenyewe yuko karibu. Anifa aliwahi kulisubiri koti hilo asubuhi nzima, amekaa wima, mikono mapajani, kama vile koti lingemripoti akiegemea. Aliporudi benchini alimkuta Koti anamwuliza mama yake kama kashata zimebaki.

— Jamani tusirukeruke, alisema Spika. Huyu ni Mzee Hanifu, aliyestaafu kazi ya kufungua milango bungeni, na mpaka leo hapendi mtu azungumze kabla hajamruhusu. — Hoja iliyopo mezani ni hii. Umeme umekatika bandani, stelingi wa picha ameshika bastola, adui amepiga magoti. Je, anampiga au hampigi? Koti, simama.

— Nitasemea hapahapa nilipokaa. Hampigi. Bastola haina risasi.

— Umejuaje?

— Mtu mwenye risasi haongei muda wote ule. Mzee, mimi nafanya kazi ofisini. Anayevuta muda namjua hata akiwa Mhindi.

— Hoja imepokelewa. Mtandao?

Mtandao ni Harithi, kijana aliyekuwa akishinda kwenye internet kafe na kuandika blogu, ukurasa wake mwenyewe kwenye mtandao, habari zote za benchi.

— Yule jambazi ndiye baba yake stelingi. Na yule mama tuliyemzika mwanzo hajafa. Amepelekwa Ulaya, amebadilishwa sura, amerudi. Ndiye yule polisi.

— Polisi mwenye masharubu?

— Teknolojia, mzee.

— Acha fiksi wewe! Koti alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Mnahangaika bure, alisema Zaidi. Yeye ndiye mkalimani wa banda, anayekaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti akizigeuza picha za Kihindi kuwa Kiswahili. — Mimi mwenyewe sijaamua.

— Hujaamua nini tena? Si umeshaitazama kanda?

— Nimeitazama. Mwishoni wanaongea sana, wanalia, wanapanda treni. Wanaenda wapi, sijui.

— Kwani kaka Zaidi, Kihindi unakijua? aliuliza Anifa.

— Nitakijulia wapi, mdogo wangu? Mimi nasoma nyuso. Mtu akikunja uso nampa matusi, akilegeza nampa mapenzi. Banda likijaa wanawake, namuua mama yake mapema.

Wakacheka. Anifa naye alitabasamu kidogo, akamimina kahawa, kisha akasimama mbele ya Koti na birika mkononi.

— Bwana Thomas, samahani. Yule mkuu wa shule hajafika?

— Mwanangu, nilikuambia lini?

— Leo.

— Na leo ni lini?

— Ni leo. Lakini saa sita imeshapita.

— Hayo unayopika hapo ni nini?

— Maharage.

— Ukiyafunua kila saa, yanaiva?

— Yanachelewa.

— Haya. Karatasi nazo ziko jikoni. Zimechambuliwa, zimeoshwa, zimetiwa maji. Bado muhuri tu, muhuri ni chumvi, unatiwa mwisho. Wewe tangu asubuhi kazi yako kufunua sufuria!

— Marehemu mke wangu, alidakia Spika, alikuwa anabandika kande usiku, zinaiva alfajiri. Na hakuwahi kunipa mbichi.

— Halafu kuna hili, alisema Zaidi. Umeme wenyewe ni huuhuu kidogo. Watu wote wa Dodoma wakiamua kufanya kazi kwa pamoja, si mji mzima unazimika? Koti akikaa hapa, kuna hospitali mahali inapata taa.

— Ndiyo maana! Siku nikisema leo nachapa kazi, mgao unazidi. Kumbe ni mimi!

— Kisayansi iko hivyo, alisema Harithi. Kazi ikikaa muda mrefu inajifanya yenyewe. Kuna jamaa ameandika.

— Ameandika wapi?

— Bado hajamaliza kuandika.

Anifa hakucheka. Alikuwa ameshapika maharage ya kutosha kujua kwamba yasiyotazamwa huungua, lakini anayezungumza alikuwa mtu mzima na ndiye aliyeshika karatasi. Akarudi kwenye jiko akachochea mkaa.

— Usinune bwana, alimwita Harithi. Suala lako mimi nimelipeleka mbali. Nimeliweka kwenye blogu.

— Suala langu?

— Jumanne. Jina, shule, kila kitu. Wamesoma watu tisa. Mmoja yuko Norwei, ameandika "pole sana".

— Na wengine?

— Mmoja ameuliza bei ya zabibu.

Anifa aliinamia sufuria ili wasimwone uso. Hakuwa ameulizwa. Alimfikiria yule mtu wa Norwei, ambaye hata Manyoni hangeweza kuitafuta kwenye ramani, naye ndiye aliyempa pole, huku mtu wa kumsaidia amekaa karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa goti.

— Huyo mkuu mimi nitamsikia kabla sijamwona, alisema Koti kwa sauti ya kumbembeleza. Wakuu wa shule za huko nawajua. Pikipiki, kofia, kelele. Akiingia tu, napita mlango wa nyuma, navaa koti, namkabidhi. Dakika moja. Wewe sikiliza pikipiki.

Basi Anifa akasikiliza pikipiki. Adhana ya Ijumaa ikapita. Spika na Zaidi wakasema wanakwenda sasa hivi, kila mmoja akamwangalia mwenzake ataanza lini. Pikipiki zilipita mbili, zote za watu wa mahindi.

Aliyetokea upande wa lango la ofisi alikuwa mama mmoja mwenye kitenge, viatu vimejaa vumbi jekundu, mfuko wa plastiki mkononi. Alikuwa anatembea kama mtu aliyekalishwa muda mrefu kwenye kiti kibaya.

— Hamjambo jamani?

— Hatujambo. Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Samahanini. Namtafuta bwana mmoja wa hapo ndani. Koti lake liko kitini tangu asubuhi, mwenyewe simwoni. Koti la kijivu. Mnamfahamu?

Zaidi akaokota gazeti. Spika akakohoa. Koti akageuza uso kuelekea bandani, na kwa pembe ya jicho akamtazama Anifa. Wanawake wa namna hii walikuja kila wiki, wanataka hiki, wanafuatilia kile, na kila wiki benchi liliwarudisha. Mdomo wa Anifa ulijibu kabla yeye mwenyewe hajafikiri, kama ulivyomjibu mke wa Zaidi.

— Hapa hatumjui, mama.

Spika alitikisa kichwa taratibu, kumsifu.

— Haya. Mama akaketi mwisho wa ubao. — Nipe kahawa basi nisubiri gari. Toka saa mbili nasalimiana na koti. Sasa mhudumu amefunga ofisi, mbele na nyuma, amekwenda kuswali, ananiambia nirudi saa nane. Na gari la Kondoa haliningoji.

— Pole, mama, alisema Harithi. Una shida gani, labda sisi tukusaidie?

— Mimi sina shida. Mwenye shida ni mtoto wa watu, hata sura simjui. Naitwa Mwalimu Anastazia, shule yangu iko kule njia ya Kolo. Nina kitanda kimoja cha kidato cha tatu. Nimeambiwa binti anaitwa Anifa.

Birika liligonga ukingo wa jiko. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

— Mama, alisema Anifa. Ni mimi.

— Wewe nani?

— Anifa. Ni mimi.

Mwalimu akaweka kikombe chini. — Mungu mkubwa. Karatasi zako ziko wapi?

— Kwake.

— Kwake nani?

Anifa alimgeukia Koti. Sekunde chache tu zilizopita alikuwa amesema hamjui. Ni Koti mwenyewe aliyesimama, akafuta mikono kwenye suruali.

— Kwangu, mwalimu. Naitwa Thomas. Zipo, zote zipo. Bado muhuri tu.

— Ziko wapi?

— Kwenye droo.

— Ufunguo wa droo?

Koti akapapasa mfuko wa suruali, kulia, kushoto. Mkono wake ukapanda kifuani, pale unapokuwa mfuko wa ndani wa koti, ukakuta shati.

— Uko kwenye koti, alisema.

Harithi hakungoja kutumwa. Alitoka mbio kuelekea msikitini kumfuata mhudumu mwenye funguo za ofisi, akarudi anahema, ndala moja mkononi. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, hotuba imeanza, mhudumu yuko safu za mbele kabisa.

— Nichukue hivihivi, mama, alisema Anifa. Karatasi zitakuja. Nguo zangu nazifuata sasa hivi. Nitalala hata chini.

— Mwanangu, ningependa. Mwaka jana nilimpokea mmoja hivyo. Mkaguzi alimtoa darasani mbele ya wenzake, akabeba godoro lake kichwani mpaka stendi. Siwezi kukufanyia wewe hayo. Na Kondoa kuna baba ananisubiri stendi, yeye na bintiye na sanduku. Nilimwambia nikirudi mikono mitupu, kitanda ni chake.

— Wiki ijayo, mwalimu, alisema Koti. Jumatatu mimi mwenyewe nazileta mpaka shuleni.

— Jumatatu kitandani kuna mtu.

Honi ya gari ilisikika kutoka barabarani, na kondakta akaanza kuita Kondoa, Kondoa. Mwalimu Anastazia akainuka, akajifunga kitenge vizuri. Akautazama ukuta wa ofisi, akautazama ubao, vikombe, gazeti la Zaidi.

— Karatasi zipo nyuma ya ukuta huu tangu Januari, alisema. Binti yupo hapa. Wewe upo hapa. Mlikuwa mnasubiri nini?

Aliuliza bila ukali, kama mtu anayeuliza njia. Spika aliinua kidole kisha akakishusha. Harithi alikuwa anavaa ndala yake, haikuingia. Zaidi, anayeweza kumwekea mtu yeyote maneno mdomoni kwa lugha asiyoijua, alilikunja gazeti mara mbili, mara tatu.

Mwalimu akamshika Anifa bega, akaenda. Walimwona akipanda. Walilitazama gari mpaka vumbi lake likachanganyika na vumbi jingine.

Ndipo umeme ukarudi. Bandani watoto walipiga kelele, televisheni ikakoroma, wakaanza kuita: Mkalimani! Mkalimani! Zaidi akasimama polepole.

— Mwisho inakuwaje? Spika aliuliza kwa sauti ndogo.

— Leo anampiga, alisema Zaidi, akaingia.

Spika akafuata njia ya msikitini, amechelewa. Harithi akasema anapita kafe, lakini hakusema atakachoandika. Harufu ya kuungua ilikuwa imeshatanda. Anifa aliipua sufuria, akaiweka chini, hakuifunua.

Koti alikuwa amerudi kukaa. Alinyoosha kikombe chake, labda kwa sababu hakujua mikono aifanyie nini.

— Jumatatu asubuhi, Anifa. Nakuapia. Kabla hata sijatundika koti.

Anifa aliliinamisha birika juu ya kikombe. Likatoka tone zito la machicha, kisha hakikutoka kitu.

— Kahawa imekwisha, Bwana Thomas, alisema, akaanza kukusanya vikombe, akianza na cha Koti.