Pua Iliyopima Samli

Kina mama wenzangu, wa asalaam aleikum na wa Bwana asifiwe, nawasalimu nyote. Mama zangu wakubwa mlioketi mkeka wa mbele, shikamooni.

Mwenyekiti wa kikundi chetu alinifuata dukani jana akaniambia, "Mama Salumu, kesho utueleze ulivyosubiri mpaka Mungu akakuponya." Nikaitikia. Lakini nimelala, nimeamka, nimeona siwezi kuwadanganya. Sikusubiri mimi. Nilikasirika, na hata sasa nimekasirika. Asiyetaka maneno makali achukue chai yake mapema.

Mnajua nauza samli. Marhumu baba aliuza samli, na babu kabla yake, hapa hapa mjini. Baba hakuniachia nyumba wala shamba, aliniachia pua. Siku ya mnada napanda lori hadi Bahi, wafugaji wanaleta samli kwenye vibuyu na madebe. Unachovya kidole, unasugua kiganjani mpaka ipate joto, unanusa. Hapo ndipo utajua kama imechacha, imeunguzwa au imechanganywa. Na tangu ije hii ruksa ya biashara, mafuta ya nje yakajaa mpaka vijijini, usiponusa vizuri unauziwa mafuta ya maandazi kwa jina la samli.

Sasa sikilizeni upumbavu wetu. Kule Bahi, ukifika kwa mzee mwenye samli, hamuanzi na bei. Anatoa kikopo cha ugoro, mnachukua kidogo, mnavuta, mnapiga chafya, ndipo mnazungumza. Ni heshima. Sisi wanunuzi tukaongeza letu: tukasema chafya inazibua pua, kwa hiyo mtu asinuse samli kabla hajavuta ugoro. Baba alifanya hivyo, nami nikafanya. Kila mnada, mara kumi, mara kumi na tano. Msicheke! Wewe uliyeziba mdomo na kanga, nakuona.

Nilipokuwa na mimba ya Zuhura, kitinda mimba wangu, nikashikwa na mafua. Ilikuwa kiangazi, zile pepo zetu zinazotia vumbi hadi ndani ya kabati. Mafua yakakataa kuondoka. Pua imeziba, kamasi za kijani zinashuka kooni, meno ya juu yanauma utadhani yameoza yote. Nikiinama kusujudu, uso unataka kupasuka, ikabidi niswali nimekaa kama ajuza. Na kila ninayemwambia ananijibu, "Vumbi tu hilo, Dodoma hii, zoea." Zoea! Aliyelitunga neno hilo simtakii mema.

Nikajifungua hivyo hivyo, pua imeziba. Mtoto alipofika arobaini nikaenda duka la dawa. Zamani ulikuwa unapanga foleni zahanati unaambiwa dawa hakuna. Sasa maduka yamefunguliwa kila kona, na kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Yule bwana, mtu mzima na ndevu zake, akanipa kichupa cha matone. "Ya nje hiyo, mama. Kiboko." Ndugu zangu, nawaambia, nilidondosha mawili, dakika tano hazikupita, pua ikafunguka. Nilimwombea dua mtu yule! Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya Kiingereza. Mimi sikuisoma, yeye hakunisomea. Kumbe ilisema dawa ile ni ya siku chache tu. Mimi niliitumia miaka miwili.

Maana ikiisha nguvu, pua inaziba kuliko mwanzo. Unadondosha tena. Nilikuwa na kichupa kwenye pochi, kingine chini ya mto, kingine nimekifunga kwenye pindo la kanga. Na hapo ndipo nikagundua jambo la kutisha: pumzi inapita, harufu haipiti. Nachoma udi, sisikii kitu. Nasugua samli, sisikii kitu. Nikamwambia nani? Muuza samli asiyesikia harufu! Nikanyamaza. Nikawa natazama rangi, naonja kwa ncha ya ulimi ambao nao umekufa, nasema, "Safi hii, mimina."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na pilau. Watu waliagiza madebe mawili ya harusi, watu wakubwa, majina yao nayaacha. Kesho yake shangazi wa bibi harusi akaingia dukani na sahani. "Nusa! Nusa, mwizi we! Umetulisha wageni mafuta yaliyooza!" Nikainamia sahani mbele ya wateja. Nikanusa, sisikii kitu. Nilitaka kusema, mama, mimi sisikii harufu, si mwizi. Akanimwagia lile pilau miguuni, akaondoka. Wateja nao wakaondoka. Jioni baba Salumu akasema, "Tukimaliza mfungo huu wa Ramadhani unaokuja, tufunge duka." Duka la babu yangu!

Aliyenipeleka zahanati ya Mkonze ni wifi yangu, na tulikuwa hatupatani. Alinikuta nalia jikoni, akanivuta mkono. Tabibu wa pale alikuwa mama mtu mzima. Akanimulika puani kwa tochi, akauliza, "Unatumia nini?" Nikaweka kichupa mezani. Akauliza, "Na nini tena?" Nikaweka kikopo cha ugoro. Lahaula, alivyofura!

"Nani kakwambia pua ni bomba, unazibua tu?" akasema. "Humo ndani, si hizi nywele za mlangoni, ndani kabisa, kuna vinyweleo vidogo ambavyo jicho halivioni. Vinacheza mchana na usiku, vyote upande mmoja, vinasukuma kamasi na vumbi lake hadi kooni, unameza, basi. Hao ndio wafagiaji wako. Ugoro umewapoozesha. Matone haya yamekuvimbisha nyama za pua mpaka njia imejifunga. Uchafu umekwama kwenye mashimo ya mifupa ya uso, unaoza humo. Ndiyo maumivu yako."

Nikamkasirikia yeye! Nikamwambia, "Miaka miwili nazunguka, kwa nini hakuna aliyeniambia?" Akanitazama. "Hata mimi nimechoka kuwaambia watu wakiwa wameshaharibika." Tukakasirika pamoja, mimi na yeye, na moyo wangu ukatua kidogo.

Akanipa vidonge vya kukausha usaha, na dawa ya kupulizia, akanionya haifungui pua leo, ni ya wiki na wiki. Matone, marufuku. Ugoro, marufuku. Na asubuhi na jioni nisafishe pua: nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Unainamia beseni, maji yanaingia tundu hili yanatokea lile. Wiki ya kwanza bila matone nilidhani nakata roho. Nililala nimekaa, mdomo wazi. Wifi alikusanya vichupa vyote, hata cha pindo la kanga, akavitupa chooni, nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Kesho yake alfajiri akaja na maji yangu ya chumvi.

Kule Bahi nilimkatalia ugoro mzee mmoja muuza samli. Akanuna: "Umekuwa mkubwa siku hizi?" Nikamwambia, "Babu, nipe mkono, inatosha." Tukapeana mkono.

Mwezi wa tatu wa matibabu, kwa mzee huyo huyo, nikasugua samli kiganjani. Kitu kikanipiga puani. Uvundo! Imechacha, inanuka hadi machozi! Nikakaa chini nikalia, nikisema, "Babu, samli yako imeoza, alhamdulillah!" Akadhani nimerukwa na akili.

Duka halikufungwa. Wifi yangu yule kwenye kona, anayejifanya hasikii, nakushukuru, na yale matusi unisamehe. Tabibu, Mungu akulipe. Baba Salumu, nakushukuru kwa kungoja.

Na wewe mwenye kichupa kwenye pochi, najua upo, kabla hujakidondosha tena nenda kamuulize tabibu.

Siku ile ya Bahi nilirudi mbio, nikambeba Zuhura, nikaweka pua shingoni kwake. Alinukia vumbi, sabuni na andazi. Alikuwa ameshatimiza miaka miwili. Harufu yake ya uchanga, ile ambayo kila mmoja wenu anaikumbuka kwa wanawe, mimi sikuipata hata siku moja. Sasa mniambie tena nizoee.