Historia ya Marehemu Saado Jelle Awil, Aliyewapandisha Watoto Thelathini na Mmoja kwenye Lori

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naitwa Hamdi Abdinoor, nasimama kwa niaba ya familia ya Jelle Awil wa Habaswein, marehemu alikuwa dada wa baba yangu, nami nilimwita Eeddo, yaani shangazi, kama wengi wenu mlivyomwita ingawa hamkuwa watoto wa kaka zake. Leo ni Alhamisi, tarehe 19 Septemba 2024, siku ya saba tangu tumzike, na ninasoma kwa Kiswahili kwa sababu wapo hapa walimu, wauguzi na wafanyakazi wenzake waliotoka Bute, Rhamu na bara, na kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo, akitaka kila aliyepo asikie bila mkalimani. Karatasi zangu ni nne, nimezihesabu mara nyingi tangu asubuhi, na ile ya tatu ndiyo iliyonisumbua wiki nzima.

Marehemu alizaliwa Habaswein, mtoto wa nne na binti wa kwanza kati ya watoto saba. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1966, kama vinavyosema vitambulisho vya nusu ya watu walioketi chini ya turubai hili, lakini nyanya yangu hakuacha kusema kwamba binti yake alizaliwa wiki ya tatu ya mvua ya gu, mvua ya Aprili, mwaka ambao kisima cha pili kilichimbwa upya na ngamia wa babu wakanywa bila kupanga foleni. Nimeitafuta tarehe ya kisima hicho kwa wazee watano, nimepata majibu matano, kwa hiyo naisoma ile ya kitambulisho nikijua si sahihi, na ninawaomba radhi.

Alisoma duksi kwanza, yaani chuo cha Kurani, kisha shule ya msingi Habaswein kuanzia Januari 1974 hadi Novemba 1980, wakiwa wasichana wanne katika darasa la watoto arobaini na wawili, na akamaliza kidato cha nne hapa Garissa mwaka 1984. Kuanzia Mei 1986 alifundisha watu wazima kusoma na kuandika huko Habaswein, miongoni mwao babu yangu, ambaye inasemekana alimwuliza binti yake mbele ya darasa zima kama yeye anajua kukamua ngamia mwenye hasira, na binti akamjibu, “Aabo, ngamia nitamkamua jioni, sasa hivi andika jina lako.” Tarehe 11 Agosti 1990 aliolewa na marehemu Guled, fundi wa pampu za maji, wakahamia Garissa mwaka uliofuata, wakajaliwa watoto wawili, Nasteho, aliyezaliwa tarehe 20 Juni 1993, na Salah, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 2005. Guled alitangulia mbele ya haki tarehe 8 Desemba 2017.

Mwaka 2006 aliajiriwa kuwa karani wa mgao wa chakula wakati wa ukame, kazi aliyoifanya hadi 2012, na sifa yake ilikuwa mwandiko, kwa sababu jina likishaandikwa na Saado lilisomeka, na linalosomeka halirukwi kwenye foleni. Tarehe 2 Februari 2013 alifungua Kituo cha Vijana cha Garab, maana yake bega, katika vyumba viwili vilivyokuwa stoo ya ngozi, ndiyo maana kompyuta zetu sita za kwanza zilinuka mbuzi kwa mwaka mzima. Hapo vijana ambao shule iliwaacha, au wao waliiacha, walijifunza kompyuta, kushona, mabomba ya maji, kuandika barua ya kazi na kujaza fomu ya basari bila kuacha pengo, na sheria yake ilikuwa moja, kwamba hakuna anayepewa cheti kabla hajawafundisha wenzake wawili kile alichojifunza. Aliyekuja kuzubaa alimwuliza, “Walaal, ndugu yangu, umekuja kusoma au kulala? Kama ni kulala, godoro liko kwa mama yako.” Hadi mwezi uliopita vijana mia sita arobaini na watatu walikuwa wamepewa cheti, na nimehesabu mara mbili.

Mwezi wa Septemba 2019, Fatumo, mwanafunzi wa kituo, alikwenda kuomba kitambulisho baada ya kutimiza miaka kumi na minane, akaweka vidole kwenye mashine, na karani akamwambia kwa upole kwamba alama zake zipo tayari, kwenye orodha ya wakimbizi, kwa hiyo yeye si mwananchi. Fatumo alizaliwa bulla hii hii, mtaa wetu huu, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Bila kadi hakuweza kusajili laini ya simu, hakuweza kuvuka kizuizi cha darajani kwenda Nairobi, na nafasi aliyopata katika chuo cha uuguzi mwaka uliofuata ilipewa mtu mwingine. Baada yake wakaja wengine, wote wa rika moja, wote jibu moja, na Eeddo akaifanya kazi hiyo kuwa kazi kubwa ya kituo.

Kwa kuwa wengi wetu hatukuzaliwa hospitalini na hatuna cheti, alianzisha daftari la kijani, ambamo kila mtoto alihitaji mashahidi watatu, mmoja aliyemwona mama akiwa na mimba, mmoja aliyekula nyama ya wanqal, yaani mbuzi anayechinjwa siku ya saba mtoto anapopewa jina, na mmoja aliyesoma naye duksi. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza nani alikula mbuzi wa nani, na watu walimcheka, mzee mmoja akamwambia, “Saado, mimi nimekula mbuzi wengi kuliko fisi, unataka nimkumbuke yupi?” lakini alikaa mlangoni hadi akakumbuka. Daftari lilithibitisha mtoto amezaliwa hapa, ila kikao cha uhakiki, kinachoamua nani afutwe kwenye orodha ya wakimbizi, kiliuliza swali la pili, nalo ni jinsi alama zake zilivyofika humo, na jibu lilitakiwa litoke kwa mzazi au kwa aliyempeleka mtoto. Wazazi wa watoto ishirini na wawili walikwenda wenyewe wakaeleza, na watoto wao wana kadi leo. Wamebaki tisa, wanane mayatima na wa tisa ni Salah, na kila kikao kilipouliza ilikuwaje, Eeddo alisema mashine imekosea.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2016, figo zikadhoofika mwaka jana, na tarehe 2 Agosti mwaka huu alilazwa hapa Garissa, akawa anasafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu tarehe 9 Septemba, baada ya kusafishwa, aliniambia nichukue kalamu. Hii ndiyo karatasi ya tatu, naisoma kama alivyosema.

“Mimi Saado Jelle nasema mashine haikukosea. Mwaka 2011 mvua haikunyesha, mbuzi walikwisha, watoto wa bulla walikuwa wakila mara moja kwa siku, na mgao wetu ulikuwa umechelewa wiki sita. Kwenye kambi ya wakimbizi kulikuwa na uji na shule. Mimi ndiye niliyewaambia akina mama wanipe watoto, nikawapandisha thelathini na mmoja kwenye lori, na njiani nikawafundisha wakiulizwa wametoka wapi waseme wametoka Afmadow, ng’ambo ya mpaka. Niliwaimbisha kama shairi la duksi. Salah alikuwa na miaka sita, alilisema vizuri kuliko wote. Mimi ndiye niliyeshika vidole vyao na kuviweka kwenye wino, kwa sababu walikuwa wakiogopa. Walikula, mvua ikaja, tukawarudisha wote hai, nami nikadhani yamekwisha. Sikujua kidole kina kumbukumbu. Tangu 2019 nimejua, na nimekaa kimya miaka mitano, kwa sababu niliogopa kituo kitafungwa, na kwa sababu niliona haya. Watoto hawakudanganya. Nilidanganya mimi.”

Mwisho wa maneno yake.

Akina mama walijua muda wote. Shamso, jirani yetu, ambaye mtoto wa marehemu dada yake ni mmoja wa tisa, alimwambia mwaka jana hapa hapa uani, mbele ya sufuria za chai, “Saado, mtoto wangu ulimwandika kwa wino, sasa unataka kumfuta kwa mate?” na Eeddo akaendelea kumimina chai hadi kikombe kikafurika. Na mimi ninayesoma nina kadi yangu mfukoni, nimemaliza chuo kikuu, nimevuka daraja lile mara nyingi hata sizihesabu, kwa sababu moja tu, siku ya lori nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa na surua, na Eeddo akasema huyu ataambukiza wenzake, mwacheni. Nililia siku nzima kwa kuachwa.

Wakili alipaswa kufika hospitalini Alhamisi ili marehemu aweke kidole chake kwenye barua hii, lakini siku hiyo shinikizo la damu lilishuka, hakuweza kuinua mkono, na wakili akaambiwa arudi. Aliniambia kwa sauti ndogo, “Kama sitafika, isome kwenye taazia yangu. Wakishasikia, hawawezi kusema hawakusikia.” Alifariki Ijumaa tarehe 13 Septemba 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Makaburini, kama ilivyo desturi, wanaume waliulizwa kama kuna anayemdai marehemu, na nimeambiwa hakuna aliyesema neno. Mayatima wanane walikuwa wamesimama nje ya ukuta, na Salah alikuwa ndani ya kaburi, akimpokea mama yake.

Sikuisoma karatasi hii kwa kiburi. Jumapili nilimpelekea baba yangu, Mzee Abdinoor, kaka mkubwa wa marehemu, naye akasema, “Hamdi, aliyekufa hufunikwa, hafunuliwi. Toa ukurasa huu.” Nikamwambia, aabo, yeye ameagiza. Akasema, “Wagonjwa huagiza mengi.” Akabaki nayo siku nne, nami sikula vizuri siku hizo, niliandika nakala nyingine kwa kichwa na kuificha ndani ya msahafu, nikijiuliza kama nitathubutu kumvunjia heshima mbele yenu. Asubuhi ya leo alinirudishia karatasi. Nilikuwa nimeongeza pembeni tarehe ya lori, 14 Julai 2011, kama nilivyoambiwa na Nasteho. Baba ameikata kwa kalamu nyekundu, akaandika 16 Julai, Jumamosi, na chini yake, kwa mwandiko wake wa kuinama, “Lori la bluu. Dereva nilikuwa mimi.”

Hatukujua. Miaka kumi na mitatu katika nyumba moja, hatukujua.

Familia inamshukuru daktari wake, aitwaye Wako, na muuguzi Osob, aliyemfunga shuka lake mwenyewe miguuni siku ambazo wodi ilikuwa na baridi ya mashine, inawashukuru majirani waliopika tangu Ijumaa bila kuulizwa, walimu na wanafunzi wa Garab, waliosimamisha turubai hili wakabishana juu ya kila fundo, na wenzake wa Bute na Rhamu waliosafiri siku mbili. Shamso, tunakushukuru kwa chai, na kwa ile sentensi yako.

Shukrani zimekwisha, karatasi ya nne ina jambo moja zaidi. Kikao cha uhakiki kinakaa Jumanne ijayo, tarehe 24 Septemba, saa tatu asubuhi, na baada ya hapo hatujaambiwa kitakaa lini tena. Baba amekubali kwenda kusema alichoandika. Barua ya Eeddo haina kidole, lakini sasa ina masikio yenu, na wakili ameketi mstari wa mbele na daftari lake wazi. Kati ya tisa, sita wana mashahidi wao watatu, na watatu wamepungukiwa na shahidi mmoja mmoja, kwa sababu waliokula mbuzi wao wamekufa au wamehama, au wapo hapa na wanaona haya kama alivyoona yeye. Nitataja jina la mtoto na jina la baba yake, na aliyekula nyama ya siku yake ya saba naomba asimame, hata kama alipata mfupa tu.

Eeddo, Mwenyezi Mungu akusamehe, akupe nafasi kaburini, amani iwe juu yako, upumzike. Sisi hatujamaliza.

Wa kwanza ni Fatumo, binti wa marehemu Dahir, nyumba ya tatu kutoka msikitini.