Kifua Kinachouma Jioni

Basi la Apia likijaa, kwetu Samoa unamkalia mtu mapajani, na radhi haiombwi. Ndivyo Lagi wa miaka minne alivyopakatwa na mama mnene asiyemjua. Bibi yake, Fetuao, aliniangukia mimi, kwa hiyo nilisikia yote, pumzi ndiyo niliyoikosa.

"Tumetoka hospitali, dada," Fetuao akamwambia yule mama. "Kifua cha huyu mjukuu. Daktari kasikiliza moyo, kauliza kama koo liliwahi kumuuma. Haoni kitu."

"Kabeba nazi nzito huyo."

"Nazi gani! Kinauma jioni tu, tukikaa kusali."

"Kwenye sala alikuwa akipakatwa na nani?"

"Mama yake. Sasa yuko Australia, anachuma matunda."

"Basi ugonjwa umeshaujua."

"Nimejua nini? Matunda yachumwe kule, kifua kiume huku? Acha hizo!"

Yule mama mnene akamwinamia Lagi. "Saa hizi kinauma?"

"Hakiumi," Lagi akasema, akazidi kumwegemea.

Basi likasimama sokoni. Yule mama akainuka, akamkalisha Lagi kwenye kiti chenye joto lake, akashuka.

"Bibi," Lagi akasema, "kimeanza."